Kwa nini siku ya Mungu tunaangalia kinga

Maneno yaliyosemwa kwa niaba ya kamati kwenye mkutano mkuu wa chama chetu, Lubumbashi, mbele ya wanachama na wageni wanaotusaidia. Tumeyaacha jinsi yalivyosemwa.



Kamati imetupa dakika 20 kujibu swali moja. Mtunza hazina aliposoma hesabu ya mwaka, alifika kwenye mstari unaosema: "Mafuta ya grupu na mega ya telefoni, mwezi wa 3 na mwezi wa 4." Mama mmoja akasimama huko nyuma, akauliza mbele ya bote: "Mulikula feza ya chama mu kuangalia kinga?" Watu walicheka. Mama hakucheka, na sisi vilevile hatukucheka. Hata rafiki zetu wa Ubelgiji wanaotuma mchango walituandikia barua ya adabu, wakauliza neno lile lile kwa maneno laini: kuangalia mashindano ya baiskeli kunamsaidia namna gani mtu aliyerudi kwao?

Swali ni la haki. Pesa ya chama ni pesa ya jasho. Kuna mwanachama anayeuza mikate asubuhi ili atoe mchango wake jioni. Huyo ana ruhusa ya kuuliza kila franka imekwenda wapi. Basi tutajibu polepole, na tutaanzia kule ambako jambo lenyewe lilianzia.

Wengi wetu tunaosimama hapa tulikaa Ubelgiji. Mmoja miaka 4, mwingine 11. Tulingoja karatasi. Mnajua kungoja karatasi ni kazi gani: unaamka, unaangalia sanduku la barua, unarudi kulala. Tulikuwa katika mji mdogo wa upande wa Flandria, hatukujua kiflama, na watu wa mtaa walitusalimia kwa kichwa tu. Siku moja ya Mungu, mwezi wa 4, tulitoka kwenda kanisa, basi halikuja. Barabara imefungwa. Tukaona watu wanatoka nyumbani, wamebeba viti, sufuria, watoto mabegani, bote wanaelekea kando ya barabara. Yaya mmoja aliyekuwa nasi akauliza: "Nani amekufa?" Kwetu, ukiona watu wanabeba viti namna ile, ni kilio.

Mzee mmoja akatujibu kwa neno moja: "Koers!" Maana yake, mbio za kinga. Akatuonyesha mahali pa kusimama.

Tulisimama saa 2 katika baridi. Zikapita gari za matangazo, zikapita pikipiki za polisi, helikopta ikaanza kuzunguka juu. Halafu, bandugu, upepo. Watu zaidi ya 100 juu ya kinga, wamebanana kama mchanga, matope usoni, na sauti ya minyororo tu. Sekunde 10, wamekwisha. Tukaangaliana: ni hii tu? Lakini wale wenyeji walikuwa tayari wanakimbia, viti mgongoni, kwenda kuwangoja kwenye kilima kingine. Tukakimbia nao.

Kitu kimoja hatukukisahau. Polisi alikuwa amesimama hatua 3 mbele yetu. Alikuwa anaangalia barabara, hakutuangalia sisi. Hakuna tiketi. Hakuna mlango. Hakuna mtu wa kuuliza karatasi. Anayesimama kando ya barabara anaitwa mtu wa kushangilia, basi, hana jina lingine. Kwa siku nzima tulikuwa na kazi sawa na wenyeji: kungoja, kupiga makofi, kula viazi vya kukaanga vyenye mayoneze. Mzee yule alitupa supu katika kikombe cha plastiki. Bendera za manjano zenye simba mweusi zilikuwa nyingi, na hatutaficha, mwanzoni zilitutia woga, maana wako wanaozipandisha kwa siasa ya kutotaka wageni. Lakini mzee mwenye supu alikuwa nayo pia. Tangu siku ile tulijifunza kutopima mtu kwa kitambaa.

Njo vile ilianza. Mwaka uliofuata tulijua tarehe zote.

Kwa wale ambao hawajui, tueleze kidogo. Watu wengi wamesikia Tour ya Ufaransa, ile ya mwezi wa 7, ya wiki 3. Hizi tunazosema ni nyingine. Zinaitwa klasiki. Ni za siku moja. Zinakimbiwa wakati baridi ya Ulaya inalegea na miti inaanza kuchipua, mwezi wa 3 na wa 4, wakati kwetu mvua inaelekea mwisho. Ukianguka leo, hakuna kesho ya kurudisha dakika zako. Ungoje mwaka mzima.

Inayofungua mlango ni Milano–Sanremo ya Italia, iliyoanza 1907, siku ya posho mwezi wa 3. Ni karibu kilomita 290, inapita zote kwa urefu. Masaa 6 watu wanakaa kimya kama wanakwenda sokoni, halafu kwenye kilima kidogo kinachoitwa Poggio, kilomita chache kabla ya mwisho, kila kitu kinalipuka. Halafu zinakuja za Ubelgiji. Gent–Wevelgem, yenye upepo. Ronde van Vlaanderen, ile tuliyoiona siku ya viti, iliyoanzishwa 1913 na mwandishi wa gazeti la michezo, Karel Van Wijnendaele. Kwa Waflama, Ronde ni sikukuu sawa na Pasaka. Inapanda vilima vifupi vya mawe: Koppenberg, Oude Kwaremont, Paterberg. Paterberg haifiki hata mita 400, lakini imesimama kama ngazi, na tumeona watu wazima, mabingwa wenye mishahara, wanashuka na kusukuma kinga kwa miguu.

Siku ya Mungu inayofuata ni Paris–Roubaix, tutaisema peke yake. Halafu upande wa Wallonia: Flèche Wallonne, inayokwisha juu ya Mur de Huy, na ya mwisho, Liège–Bastogne–Liège. Hiyo ni ya 1892, inaitwa mkubwa wa bote kwa umri. Mwaka 1980 ilikimbiwa katika teluji. Walianza watu 174, wakamaliza 21. Bernard Hinault alishinda kwa dakika zaidi ya 9, na baridi ile iliharibu vidole vyake 2.

Sasa, mtu asiyezoea anaangalia na kusema: wanakimbia, mmoja anashinda, wengine wameshindwa. Sisi tulikuwa tunasema hivyo. Mzee wa supu alitufundisha kuangalia. Alisema, usiangalie yule wa mbele, uangalie nani anakula upepo.

Wanaobeba makala kwa kinga kuingia Lubumbashi watatuelewa bila kufundishwa. Ukiwa peke yako mbele, upepo unakupiga kifuani. Ukijificha nyuma ya mwenzako, unapumzika huku unakwenda mwendo ule ule. Njo sababu wanakwenda kwa kundi. Na kila timu ina mtu mmoja anayetakiwa kushinda, wengine kazi yao ni kumkinga: kuleta chupa za maji, kumpa gurudumu lao akitobokewa, kukaa mbele masaa na masaa. Mbelgiji mmoja, Tim Declercq, watu walimpa jina la Trekta. Alikuwa anavuta kundi lote kilomita 100 na zaidi. Televizyo inapofungua picha, yuko mbele. Mbio inapopamba moto, amekwisha, anarudi nyuma polepole. Hakupanda jukwaani siku ile. Lakini aliyepanda, alipanda juu ya mgongo wake.

Upepo ukitoka ubavuni, mambo yanabadilika. Watu wanajipanga mshazari, kama vidole vya mkono uliofunguliwa, kila mmoja anamkinga mwenzake kwa upande. Barabara ni nyembamba, mstari ule una nafasi ya watu 15 ama 20. Aliyekosa nafasi anabaki ukingoni, anakula upepo peke yake, na baada ya dakika chache ameachwa. Sio kwamba hana nguvu. Alikosa nafasi tu. Gent–Wevelgem ya 2015 upepo ulikuwa mkali mpaka uliwatupa watu mtaroni. Geraint Thomas wa Uingereza aliinuliwa na upepo akaanguka kwenye majani, akasimama, akapanda, akamaliza wa 3. Aliyeshinda ni Luca Paolini wa Italia.

Hapo tunaomba rafiki zetu wanaochangia watusikilize vizuri, maana hili ni jibu la sehemu ya kwanza. Mtu aliyerudi kwa nguvu ama kwa mapenzi yake, anashuka ndege na sanduku moja. Amekosa nafasi katika mstari. Wenzake aliosoma nao wana parseli, wana kazi, watoto wao wako masomo. Yeye yuko ukingoni na upepo wote ni wake. Haitoshi kumwambia "kaza mwendo". Lazima mmoja asogee, amwachie nafasi.

Tuje kwa mwaka 2022. Tarehe 27 mwezi wa 3, Gent–Wevelgem. Wakati ule tulikuwa tumetawanyika: baadhi yetu bado kule, baadhi tayari hapa nyumbani. Mbele walibaki watu 4, na mmoja wao alikuwa kijana wa Eritrea, Biniam Girmay, mzaliwa wa Asmara, miaka 21. Aliwatangulia Christophe Laporte, Dries Van Gestel na Jasper Stuyven. Mwafrika wa kwanza kushinda klasiki ya mawe. Telefoni zetu ziliwaka kutoka Antwerpen mpaka Katuba. Watu walilia. Wale waliokuwa kule wanasema kesho yake, kwa mara ya kwanza, mwenye duka la magazeti aliwanyooshea mkono.

Waandishi wote walimwuliza: wiki ijayo ni Ronde, utakimbia? Akajibu hapana, anarudi nyumbani. Alikuwa na mke na mtoto mdogo Asmara, hakuwaona muda mrefu, na safari ilipangwa hivyo tangu mwanzo. Akapanda ndege, akaenda. Mwaka 2024 alishinda hatua 3 za Tour ya Ufaransa na kuvaa jezi ya kijani mpaka mwisho.

Tulisema neno lile mara nyingi hapa: "Anarudi nyumbani." Kwa kinywa chake lilikuwa neno tamu. Kwa vinywa vya majirani zetu lilikuwa tusi. Lakini tusijidanganye, bandugu. Yeye alirudi na ushindi, Asmara ilimpokea kwa shangwe. Sisi tulirudi usiku.

Na hapa tunafika kwenye jambo ambalo si la mchezo.

Kabla ya kuanza siku hizi za kuangalia kinga, chama kilikuwa na mikutano tu. Mikutano ya mchango, mikutano ya kilio. Waliokuja ni wale waliokwisha kusimama: mwenye kibanda, mwenye teksi. Wale waliorudi karibuni hawakuja. Walijificha kwa dada zao, kwa wajomba, ndani ya chumba, pazia limefungwa. Haya, bandugu. "Ule alitoka Poto mikono bule." Nani atatoka nje kusikia hayo? Na kuja kwenye mkutano wa waliorudi ni kukubali mbele ya mtaa mzima kwamba umerudi.

Mmoja wetu alikufa namna hiyo. Hatutamtaja, jamaa yake iko hapa. Tulipata habari wiki 3 baada ya kumzika. Alikuwa anakaa barabara ya pili kutoka nyumba ya mtunza hazina. Barabara ya pili! Sanduku letu la ugonjwa lilikuwa na pesa siku ile. Dawa aliyokosa, tungeilipa. Hakujua tupo, ama alijua na haya ilimshinda, na sisi hatukujua yupo. Hakuna wa kulaumu isipokuwa sisi wenyewe.

Baada ya hapo yaya mmoja wa kamati alisema: tuache kuwaita kwenye mkutano. Tuwaite kuangalia kinga. Anayetoka nyumbani kwenda kuangalia televizyo hana haja ya kueleza kitu kwa mtu.

Tukaanza na Ronde. Uwanja wa nyumba ya mwanachama, televizyo moja, telefoni ya kuvuta picha, na grupu juu ya courant isiyoaminika. Mungu alitusaidia kwa jambo moja: tangu mwisho wa mwezi wa 3, saa ya Ubelgiji na saa ya Lubumbashi ni moja. Wakipanda Kwaremont saa 10, na hapa ni saa 10. Mtu anaweza kusema: sasa hivi, dakika hii, wako barabara ile niliyopita kwenda kazini. Siku ya kwanza walikuja 9. Siku ya Roubaix walikuja 23, na 8 kati yao hatukuwajua.

Tuseme sasa Roubaix, maana njo ilifungua vinywa.

Paris–Roubaix ni ya 1896. Siku hizi haianzi Paris, inaanza Compiègne, na inakwenda kaskazini mpaka karibu na mpaka wa Ubelgiji. Kilomita kama 260, na ndani yake kilomita kama 55 ni mawe, mawe ya zamani ya njia za mashamba, makubwa kama mkate, yamekaa vibaya. Watu wanatobokewa, wanaanguka, mikono inachubuka. Waliiita jehanamu ya kaskazini baada ya vita ya kwanza, wakati waandishi walipita 1919 kuangalia njia na wakakuta nchi nzima imechimbwa na mabomu. Mwisho ni ndani ya velodromu ya zamani, na mshindi anapewa jiwe. Jiwe lenyewe, la barabara. Mathieu van der Poel wa Uholanzi alilichukua 2023, 2024 na 2025.

Wazee wetu wa migodi wanapenda sehemu moja, msitu wa Arenberg. Njia ile imenyooka kilomita 2 na zaidi katikati ya miti, na chini yake kulikuwa na mgodi wa makaa ya mawe. Aliyewaonyesha njia ile, ikaingizwa 1968, ni Jean Stablinski, mtoto wa wahamiaji wa Poland. Baba yake alikufa yeye akiwa kijana, akaingia kufanya kazi chini ya ardhi ile. Baadaye akawa bingwa wa dunia 1962. Alikimbia juu ya mahali alipochimba. Mzee mmoja hapa, aliyefanya kazi miaka mingi mgodini, aliposikia hayo alivua kofia. Hakusema kitu. Alivua kofia tu.

Na mawe yale hayajitunzi. Kuna chama cha watu wa kujitolea, Les Amis de Paris-Roubaix, wanaotoka kila mwaka na koleo kuyapanga upya, mtaro kwa mtaro. Hawalipwi. Hakuna anayejua majina yao. Mwaka 2024 walileta hata mbuzi kula majani yaliyoota kati ya mawe ya Arenberg. Mbuzi, bandugu! Watu walicheka siku ile mpaka grupu ikazimika hatujui.

Turudi kwenye siku ya Roubaix. Mshindi alikwisha kufika, jiwe limeinuliwa, na wengi walikuwa wanainuka kwenda. Picha ikaendelea kuonyesha wanaofika nyuma. Mmoja mmoja, vumbi limewageuza rangi moja bote, wanazunguka velodromu polepole. Tukaeleza kwa wageni wetu: kuna saa ya mwisho. Anayefika baada ya ile saa, jina lake haliandikwi. Na nyuma kabisa kuna gari linalookota walioacha, Wafaransa wanaliita gari la ufagio. Ukipanda gari lile, unatoa namba yako mgongoni.

Kijana mmoja wa Katuba, ambaye tangu aingie hakusema hata jina lake, akasema polepole, macho kwenye televizyo: "Ile motokari njo ilinileta miye."

Uwanja ulinyamaza. Halafu mama mwenye nyumba, aliyekuwa anapanga vikombe, akamjibu bila kugeuka: "Na sisi bote, mwanangu. Kamata chai."

Alikaa mpaka usiku. Tulijua anakaa wapi, amerudi lini, na kwamba mguu wake una kidonda tangu miezi. Kesho yake watu 2 wa kamati walikwenda kumwona. Leo yuko humu ndani, na hatutamwonyesha kwa kidole.

Ba mama walituuliza swali lingine la haki: wanawake wako wapi katika hii kinga yenu? Kwa miaka mingi waliwanyima. Roubaix ya wanawake ilikimbiwa mara ya kwanza 2021, karne moja na robo baada ya ile ya wanaume. Ilikuwa mvua na matope. Lizzie Deignan wa Uingereza alitoka peke yake kilomita zaidi ya 80 kabla ya mwisho, hawakumpata tena, na alipofika kulikuwa na damu juu ya usukani wake, kutoka viganja vyake. Mbelgiji Lotte Kopecky ameshinda Ronde yao mara 3: 2022, 2023 na 2025. Tangu ba mama walipouliza, tunaonyesha na za wanawake, na tangu hapo ba mama wanaokuja ni wengi kuliko wanaume. Sauti ni kubwa zaidi vilevile.

Wengine watasema, mbona tunaangalia Ulaya tu, wakati mashindano ya dunia yalikimbiwa Kigali mwezi wa 9 wa 2025, mara ya kwanza Afrika? Tuliyaangalia. Tadej Pogačar alishinda kwa wanaume. Lakini tuliangalia na moyo mzito, maana mashariki ya nchi yetu iko katika vita, na kati yetu kuna watu wenye jamaa Goma na Bukavu. Siku ile hatukupiga kelele. Tuliombea watu, tukaenda nyumbani.

Basi tujibu sasa kwa kifupi, maana mwenyekiti anaangalia saa.

Mama yetu uliyeuliza: ndiyo, tulitumia pesa ya chama kwa mafuta na mega. Tunakubali kosa moja: tulitumia kabla ya kuuliza mkutano. Hilo tunaomba msamaha, halitarudi. Tangu mwaka huu, kila anayekuja na uwezo anaweka kidogo katika kikapu mlangoni, na kikapu njo kitalipa mafuta. Asiye na kitu anaingia bila kitu, na hakuna mtu wa kuhesabu nani ameweka. Chama kitajaza tu pale kikapu kinapopungukiwa, na mtunza hazina ataandika.

Rafiki zetu mnaochangia: mlituuliza kwenye karatasi yenu ni watu wangapi "wamefaulu kurudi". Tunaelewa kwa nini mnauliza, na hesabu ya vibanda na cherehani tumewapa. Lakini mtuongezee mstari mmoja kwenye karatasi ile: ni wangapi tunajua wanakaa wapi. Kabla ya kinga, kulikuwa na watu wetu tusiowajua barabara ya pili. Leo kitabu cha chama kina majina 31 mapya, na kila jina lina mtaa na nyumba. Mtu huwezi kumsaidia kama hujui mlango wake.

Na ninyi mliorudi karibuni, mlio hapa, na mliobaki nyumbani na mtasoma haya katika jarida: Mathew Hayman wa Australia alikuwa na miaka 37 mwaka 2016. Alivunjika mkono wiki 6 kabla ya Roubaix. Alijizoeza ndani ya gereji, juu ya kinga isiyokwenda popote. Ilikuwa mara yake ya 15 katika mbio ile, hajawahi kuishinda. Siku ile alimpita Tom Boonen mwenyewe velodromuni. Hatuwaambii kwamba mtashinda. Wengi wa bale 14 ya nyuma hawakushinda kitu. Tunawaambia tu kwamba hata yeye, miaka yote ile, alikuwa mtu wa kubeba chupa za wengine, na hakuna aliyesema alipoteza miaka.

Mwezi wa 3 unakaribia. Siku ya Sanremo mje mapema, maana kule saa zao bado hazijageuka, wanafika hapa kwetu ikiwa jioni zaidi. Mlete kiti, kama wale wa Flandria. Kama jirani anauliza nani amekufa, mwambieni hakuna. Na kama kuna mtu mnayemjua amerudi na amefunga pazia, msimwambie kuna mkutano. Mwambieni kuna kinga.